Ufunguo wa Stoo

Tulihama usiku mmoja, kama wapangaji
wasiomuaga mwenye nyumba.
Kule kukubwa walitupimia maneno kwa kibaba chao,
wakatuuza kwa jumla, sisi na picha za harusi zetu.
Tukasema: basi, tujenge kwetu.

Kwetu ni stoo ya marehemu baba, Limbani, Wete,
ilimolala magunia ya karafuu.
Kompyuta moja kuukuu, feni mbili, betri ya gari ya Shaame.
Vumbi la vikonyo bado linatoka kwenye nyufa,
linaingia ndani ya feni, mashine inapiga chafya,
na mji mzima unanyamaza.

Wiki ya kwanza tulikuwa arubaini na watatu,
kila mmoja akimjua mwenzake hadi jina la bibi yake.
Chake wakafungua yao, Mkoani yao,
Makunduchi, ng'ambo ya maji, wakafungua yao.
Tukatia wikio baina ya nyumba na nyumba,
kama zile za Mji Mkongwe: upite juu ya njia
ukamtazame shoga yako bila kuvaa viatu.
Nikatamba: huku hakuna bwana.

Sasa tu mia tatu na kumi na mbili.
Bwana hakuna, lakini simu ya saa nane usiku inalia kwangu.
"Raya, picha haipandi."
"Raya, Mbwana kanitukana."
"Raya, mwambie Bikombo afute."
"Raya, nani kakwambia ufute?"
Mimi, mwalimu wa hesabu wa darasa la sita,
leo kadhi, polisi, fundi umeme.
Umeme nanunua kwa mshahara wangu.
Nilipoomba elfu moja moja kwa mwezi
walitoa kumi na mmoja.
Wengine walinipa dua,
na mmoja akaandika: kumbe biashara.

Kisha likaja la Makunduchi.
Kijana wa kule alimwandika mwanamke wa kwetu,
jina lake, mtaa wake, na uchafu asioufanya.
Time, mwenye seva yao, akasema: huo utani.
Nikasema: utani una watani wake, huyu si mtani wenu.
Siku tatu tukabishana, mimi na yeye, wawili tu,
funguo viunoni,
na nyuma yetu watu mia tano hawajaulizwa.
Usiku wa nne nikabonyeza.
Wikio likaanguka.
Halikutoa hata sauti.

Asubuhi akaja Bi Asya wa Jadida,
simu kaifunika kwa kanga kama kifaranga mgonjwa.
Binti yake kaolewa Makunduchi.
Kila alfajiri humrushia sauti ya mjukuu anayejifunza kusema.
Juzi alifika "bi".
Leo kimya.
"Salio ninalo," akasema. "Kumeharibika nini?"
Nikamweleza: seva, kanuni, heshima ya watu.
Akanitazama anavyotazamwa mtoto
aliyepanga uongo wake vizuri.
"Na kule tulikohama," akauliza,
"si ndivyo walivyokuwa wakitufanyia?"

Sikuwa na jibu. Hata sasa sina lililo zima.
Maana yule aliyetukanwa bado halali;
ananiandikia, neno moja kila usiku: usifungue.

Jana nilikwenda sokoni kwa fundi,
nikachongesha ufunguo wa stoo mara tatu.
Mmoja nimempa Shaame.
Mmoja Bi Asya, asiyejua hata pa kuwashia.
Wa tatu nimempelekea yule mwanamke.
Hajaupokea, wala hajaurudisha;
upo kizingitini pake, mtoto wa jirani kaniambia.
Kesho baada ya Isha tutakaa juu ya magunia matupu,
wanne, au watatu,
tuamue, au tushindwe kuamua pamoja.

Leo nimezima kila kitu.
Nafungua feni, nasugua mapanga yake kwa mswaki wa zamani.
Vumbi linanukia mavuno ya mwaka ambao baba alikuwa hai,
linanichoma macho, nami naliacha linichome.
Nawasha. Taa ya kijani inasita,
inapepesa,
inashika.

Wa kwanza kuingia hasalimu. Anaandika:
"Raya, mbona ilizimika?"